Kuimba na Kucheza Jukwaani: Je, Hiyo ni Kazi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao katika mkutano wa jioni. Yachapishwa hapa kwa kuwa wengi waliomba nakala.)



Najua baadhi yenu mlipoliona tangazo la mkutano huu ubaoni mlicheka. Mlisema, leo chama kimeacha habari za mishahara kimeingia katika ngoma. Lakini jambo hili limekwisha ingia nyumbani mwetu. Mtoto yuko shuleni, anaingia mashindano ya muziki na ya michezo ya kuigiza, anarudi na cheti, na mwalimu amwambia kwamba sauti hiyo si ya kuachwa. Wala si jambo la jana. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Mtoto huyo akimaliza masomo amwambia baba yake, "Mimi nataka kuimba na kucheza jukwaani, nipate riziki yangu huko." Na baba ambaye amefanya kazi miaka ishirini karakanani au bandarini ana swali moja tu la kumwuliza: Je, hiyo ni kazi?

Jibu langu ni kwamba ni kazi. Ila haikufanywa kazi na sauti nzuri. Wenye sauti nzuri walikuwako tangu zamani, na wengi wao walikufa maskini. Kilichoifanya kuwa kazi, yaani kitu ambacho mtu aweza kukitegemea, kulipia kodi ya nyumba na kuzeekea, ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Na mapatano hayo hayakuletwa na wale wenye majina makubwa peke yao. Yaliletwa hasa na waimbaji na wachezaji wa kundi la nyuma, ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka.

Nitasema zaidi habari za New York, Marekani. Si kwamba napenda kusifu vya watu. Huko ndiko biashara hii ilikokuwa kubwa kuliko mahali pengine, katika majumba yaliyo karibu na barabara iitwayo Broadway. Mchezo wa huko ninaousema ni ule ambao hadithi yake yaelezwa kwa maneno, kwa nyimbo na kwa ngoma, pamoja na wapiga muziki wanaoketi mbele ya jukwaa. Mchezaji wake lazima ajue mambo matatu: kuimba, kucheza na kuigiza. Kwetu mtu akijua moja kati ya hayo twamsifu. Huko akijua mawili bado hana kazi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mchezo mmoja huchukua kama saa mbili na nusu, nao huchezwa mara nane kwa wiki, maana siku mbili za wiki huchezwa mchana na tena usiku. Siku ya mapumziko ni moja. Kila mchezaji yampasa awe amefika na kutia jina lake nusu saa kabla ya pazia kufunguliwa. Anaimba wimbo ule ule na kuruka ule ule mruko, na mtu aliyelipa kiti chake Jumatano mchana anastahili kupata kile alichopata wa Jumamosi usiku. Mchezo ukipendwa, hali huwa hivyo mwaka mzima, au miaka. (Mimi nafikiri singemaliza hata wiki moja.) Magoti huumia, migongo huumia, koo hukauka. Jukwaa lenyewe mara nyingine limejengwa kwa kuinama kuelekea kwa watazamaji, na kucheza ngoma juu ya mteremko huharibu viungo vya miguu kama vile kubeba magunia kunavyoharibu kiuno.

Tena wako wachezaji wa akiba. Hawa huketi nyuma ya jukwaa, na kila mmoja amejifunza sehemu za watu wengi, pengine watu wanane au kumi, mahali pao pa kusimama na sauti zao za kuimba. Fulani akivunjika kidole cha mguu katikati ya mchezo, wa akiba huvaa nguo na kuingia, na watazamaji hawajui kitu. Kwa maoni yangu hawa ndio mafundi wakubwa kuliko wote katika nyumba ile. Kwa mapatano ya Broadway hulipwa nyongeza kila wiki kwa kazi hiyo, na nyongeza hiyo haikuanguka kutoka mbinguni.

Sasa, kazi hupatikanaje? Wazee wa Mombasa watanielewa upesi. Wanakumbuka habari za vibarua wa bandari, walivyokuwa wakifika asubuhi na kungoja kuchaguliwa, na asiyechaguliwa akarudi nyumbani mikono mitupu ingawa nguvu anazo na kazi anaijua. Kazi ya jukwaa ni hivyo hivyo mpaka leo. Mchezo mpya ukitaka watu, tangazo hutolewa, na mamia hujipanga. Mwimbaji hupewa nafasi ya kuimba kipande kifupi tu cha wimbo, mara nyingi mistari kumi na sita ya muziki, chini ya dakika moja. Huambiwa asante. Asante hiyo maana yake kwa kawaida ni nenda zako. Wacheza ngoma hufundishwa hatua mpya kwa haraka, huzicheza wanne wanne au watano watano, kisha majina husomwa, na wasiosomwa huchukua mifuko yao.

Kijana anayeitaka kazi hii yafaa ajue kwamba kukataliwa si ajali inayotokea mara chache. Ndiyo desturi ya kila wiki. Hata huko New York, wakati wowote ule, wengi wa wanachama wa chama cha waigizaji hawana kazi ya jukwaani. Huhudumu hotelini, hufundisha watoto kuimba, huandika barua maofisini, na huku wanalipia masomo ya sauti na ya ngoma kwa fedha yao wenyewe ili viungo visilale. Mwenye wakala wa kumtafutia kazi humpa wakala huyo fungu katika mshahara wake, na kwa kanuni za chama lisizidi mia kwa kumi. Na mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipofika, majumba yote ya Broadway yalifungwa, yakakaa giza mwaka mzima na zaidi mpaka 2021. Asiyekuwa na ujuzi mwingine alilala njaa. Kwa hiyo kijana aliyejifunza ushonaji, au uandikaji wa hesabu, au umeme, asiutupe ujuzi wake. Utamlisha kati ya mchezo na mchezo.

Hapo ndipo nafika kwenye habari za chama.

Kabla ya mwaka 1919, mchezaji wa Marekani alifanya mazoezi bure. Hapakuwa na kipimo. Matajiri wa majumba waliweza kuwazoeza watu wiki sita, wiki nane, wiki kumi, bila senti moja, kisha mchezo ukafunguliwa, ukafungwa baada ya siku nne, na mshahara ukawa wa siku nne. Nguo za jukwaani na viatu, mara nyingi mchezaji alinunua mwenyewe. Katika wiki ya kabla ya Krismasi na ile ya kabla ya Pasaka, watazamaji walipopungua, alipewa nusu ya mshahara ingawa kazi ilikuwa nzima. Michezo ya ziada siku za sikukuu haikulipwa. Lililo baya kupita yote ni safari. Kundi lilipelekwa mji wa mbali, fedha ya tajiri ikaisha, naye akatoweka usiku, na wachezaji wakaachwa stesheni bila nauli ya kurudi.

Mwezi wa Mei 1913 waigizaji 112 walikutana New York wakaanzisha chama, jina lake Actors' Equity Association. Miaka sita walibisha hodi kwa adabu, wakaandika barua, wakaahidiwa, na ahadi zikavunjwa. Wengi wao waliona haya kuitwa wafanyakazi. Walisema sisi ni wasanii, chama cha wafanyakazi ni cha wachimba makaa. Ugonjwa huu bado ninauona hata kwetu, kwa makarani na kwa waalimu na kwa wapiga muziki. Lakini mwaka 1919 walijiunga na shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi la Marekani, ambalo kiongozi wake alikuwa Samuel Gompers, na tarehe 7 Agosti mwaka huo wakagoma. Watazamaji walikuwa wamekwisha keti vitini.

Mgomo ule ulidumu siku 30. Ulienea katika miji minane, ukafunga michezo 37 na kuzuia mingine 16 isifunguliwe. Tazameni jinsi ulivyoshinda. Wenye majina makubwa waligawanyika. George M. Cohan, mtunzi na mwimbaji aliyependwa na Marekani nzima, alisimama upande wa matajiri, akasaidia kundi jingine la kupinga mgomo. Wengine wakubwa, kama Ethel Barrymore na Ed Wynn, walisimama na wenzao. Lakini mabinti na vijana wa kundi la nyuma, wale wanaoimba pamoja na kucheza kwa mstari, hawakuwa hata na haki ya kuingia chama kile cha kwanza. Katikati ya mgomo walianzisha chama chao, na mwenyekiti wao wa kwanza akawa Marie Dressler, mwigizaji mashuhuri ambaye mwenyewe alianza kazi katika kundi. Walitembea barabarani na mabango. Kisha mafundi wa jukwaa na wapiga muziki wakakataa kuingia kazini, na pasipo taa, pazia na muziki hakuna mchezo. Tarehe 6 Septemba matajiri walitia sahihi. Chama kilichokuwa na wanachama wasiotimia elfu tatu kikatoka na karibu elfu kumi na nne.

Mapatano ya mwaka ule yaliweka michezo minane kwa wiki kuwa wiki moja ya kazi, na mchezo wa tisa ulipwe zaidi. Mazoezi ya bure yaliwekewa mpaka, na malipo ya mazoezi yenyewe yakafuata katika miaka ya 1930. Baadaye ikawekwa kanuni ambayo naipenda sana: tajiri asianze mazoezi kabla ya kuweka dhamana ya fedha kwa chama, ili akishindwa au akikimbia, mishahara ya watu iwe iko. Habari ya kuachwa stesheni ikaisha. Mwezi wa Juni 1960 majumba ya Broadway yalifungwa tena karibu wiki mbili kwa ugomvi juu ya fedha ya uzeeni, na ndipo malipo ya uzeeni yalipopatikana. Na katika kila mchezo wachezaji huchagua mjumbe wao, kama vile nyinyi mnavyochagua mjumbe wa karakana, akatazame kama saa za mapumziko zinashikwa na kama chumba cha kuvalia kina maji.

Chama hicho hakikukaa kimya juu ya ubaguzi wa rangi pia, ingawa kilichelewa. Mjini Washington palikuwa na jumba kubwa, National Theatre, lililokataa kuuzia watu weusi viti. Mwaka 1947 chama kiliamua kwamba wanachama wake hawatacheza huko mpaka mlango ufunguliwe kwa wote. Mwenye jumba aliona afadhali kuligeuza kuwa nyumba ya sinema mwaka 1948. Mwaka 1952 lilirudi kuwa jumba la michezo, na mlango ulikuwa wazi.

Mnauliza, na Afrika je? Iko habari moja ambayo kila mwanachama angeijua. Mwezi wa Februari 1959, Johannesburg, ulifunguliwa mchezo wa nyimbo uitwao King Kong, juu ya maisha ya bondia Ezekiel Dlamini. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza, na kati ya waimbaji walikuwamo Nathan Mdledle na Miriam Makeba. Mchezo huo ulikuzwa na chama cha wasanii, Union of Southern African Artists, kilichoundwa kwa sababu waimbaji weusi walikuwa wakinyonywa na wenye kumbi na wenye sahani za santuri. Ulichezwa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mahali ambapo weusi na weupe waliweza kuutazama pamoja chini ya sheria zile mbaya. Mwaka 1961 ulipelekwa London, na baadhi ya wachezaji hawakurudi kwao. Basi chama si kwa ajili ya kugoma tu. Chaweza hata kuufungua mchezo.

Sasa nisimame kidogo kwenye jambo ambalo laona ndilo gumu kuliko yote, nalo ni hili: mchezo ukizaliwa katika mazoezi, ni mali ya nani?

Mwezi wa Januari 1974 wacheza ngoma wa Broadway walikusanyika usiku New York pamoja na mwongozaji Michael Bennett. Walizungumza mpaka asubuhi juu ya maisha yao, utoto wao, kukataliwa kwao, miguu yao, na maneno yote yakanaswa katika mashine. Kwa maneno hayo, na kwa mazoezi ya miezi mingi ya mshahara mdogo, ukatokea mchezo uitwao A Chorus Line, ambao ni juu ya wacheza ngoma wanaotafuta kazi. Ulifunguliwa 1975, ukaendelea mpaka 1990, mara 6,137. Uliingiza mamilioni. Na wale waliotoa maisha yao? Walitia sahihi karatasi ya kuuza maneno yao kwa dola moja. Baadaye walipewa fungu dogo la mapato, na hata hilo limeleta manung'uniko miaka mingi.

Wachezaji hawakuisahau dola ile. Mwezi wa Januari 2019 chama kiliwakataza wanachama kushiriki katika mazoezi ya namna hiyo, ya kutengenezea michezo mipya, mpaka wapatiwe fungu. Siku 33 michezo mipya ilisimama. Mwezi wa Februari wenye michezo walikubali: mchezo ukikwisha kurudisha gharama zake, wale waliousaidia kuzaliwa wapate mia kwa moja ya faida, wagawane, kwa miaka kumi. Mia kwa moja si kitu kikubwa. Lakini ni tofauti kubwa na dola moja.

Nanyi msiseme hayo ni ya huko tu. Mchezo wa The Lion King ulifunguliwa New York mwezi wa Novemba 1997, na waimbaji kutoka Afrika Kusini hutafutwa mpaka leo kwa ajili yake. Ndani yake mna Simba, mna Rafiki, mna "hakuna matata". Maneno yetu ya sokoni yamekuwa bidhaa huko. Na katika sinema ya 1994 iliyouzaa mchezo huo uliimbwa wimbo uliotokana na Mbube, ambao Solomon Linda aliuimba na kuunasa Johannesburg mwaka 1939. Linda aliuza haki yake kwa shilingi kumi. Alikufa 1962 bila mali. Watoto wake walishtaki, na mapatano yalipatikana 2006, miaka arobaini na minne baada ya baba kuzikwa.

Hapa kwetu iko shida yake ya peke yake. Michezo ya nyimbo huchezwa Nairobi, na mingine ni mizuri sana, lakini mingi hudumu siku chache au majuma machache, kisha watu hutawanyika. Sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 hukitaka chama kiwe na wengi wa wafanyakazi wa mwajiri ili kitambuliwe. Watawezaje kuhesabiwa watu ambao mwajiri wao huisha kabla ya mwezi kuisha? Ndiyo maana yapasa mapatano yashike fani nzima, yamfuate mchezaji kutoka jumba hadi jumba, kama yalivyo yale ya New York. Mimi sioni njia nyingine. Na jambo hilo halitaanzishwa na vijana ishirini peke yao bila vyama vilivyokwisha simama kuwapa ofisi, karani na ushauri.

Kwa sasa, kijana akipewa karatasi ya kutia sahihi, aisome pamoja na mtu mwingine. Atazame kama mazoezi yalipwa, na kwa wiki ngapi. Kama imeandikwa kwamba yeye ni mkandarasi anayejitegemea, ajue maana yake: akianguka jukwaani na kuvunjika mguu, tajiri atasema sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 ni ya waajiriwa, na huyu si mwajiriwa. Atazame kama mchezo utanaswa kwa kamera, na nani atauza picha hizo, maana sheria ya hakimiliki ya 2001 inampa mchezaji haki juu ya kunaswa kwa kazi yake, na haki hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho karatasi nyingi humwomba aitoe bure. Atazame nani analipa nauli ya kurudi kama kundi litakwenda Kisumu au Kigali. Na pakiandikwa kwamba kila wazo, wimbo au hatua ya ngoma atakayoileta katika mazoezi ni mali ya mwenye mchezo milele, aulize bei.

Mzee mmoja ameniletea swali kwa maandishi, kama nitampeleka binti yangu katika kazi hii. Nitamwambia kwanza aje na karatasi hiyo mkononi. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hakuna malipo ya kusomewa.